Kaskazi inaingia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu joto, pepo na mvua za Pwani, Desemba hadi Machi

Kila mwaka maembe dodo yanapojaa sokoni na bendera za majahazi zikianza kupepea upande mwingine, maswali huwa yale yale: joto litakuwaje, mvua ipo au haipo, bahari itatulia lini. Majibu haya ni ya mwambao kuanzia Lamu hadi Mtwara, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Ukisoma moja tu, soma lile la kwanza, kwa sababu mengine yote yameegemea hapo.

Kiangazi cha Pwani ni lini hasa?

Usikitafute kwenye kalenda, kitafute kwenye upepo. Pwani ina mabwana wawili. Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na huleta ubaridi na bahari yenye hasira. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi, nao ndio upepo wa joto. Katikati yao kuna tanga mbili, wiki ambazo upepo hauna msimamo na nahodha anaweza kutweka kuelekea popote.

Kiangazi chetu ni kile kipande cha kaskazi baada ya vuli kukatika na kabla ya masika kuanza. Kwa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja hiyo ni Januari na Februari, na mara nyingi wiki ya kwanza au mbili za Machi. Lamu hukauka mapema zaidi. Lakini teremka hadi Lindi na Mtwara, mambo yanageuka kabisa: huko kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na Januari ni mwezi wa jembe. Mtu wa Mtwara akisikia redioni kwamba "Pwani ni kiangazi" huku maji yanapita mlangoni, ana haki ya kuuliza Pwani ipi inayosemwa. Ni upepo ule ule wa kaskazi: unapita Lamu ukiwa mkavu, unaokota unyevu baharini, kisha kusini unakutana na pepo nyingine na kupandisha mawingu.

Niko Ulaya na watoto, tunakuja likizo ya Julai. Tutakuta joto kali?

Hapana. Julai ni kipupwe. Mtakuta kusi, jioni zenye ubaridi mzuri na mvua ndogo za mchoo upande wa Tanga na visiwani. Bahari ya upande wa mashariki itakuwa na mawimbi. Ukitaka watoto walijue joto la kwao, njoo Februari.

Joto litafika nyuzi ngapi?

Kwa kawaida mchana wa Februari katika Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hufika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi, na siku chache huzidi hapo. Anayeishi Garissa atasema hiyo si kitu. Anasahau unyevu. Jasho humpoza mtu pale tu linapokauka, na Pwani halikauki. Nyuzi 32 zenye unyevunyevu wa asilimia 60 mwili huzihisi kama 38. Unyevu ukipanda hadi 70, mwili huhisi 41. Hilo ndilo fukuto, na ndiyo maana mimi huangalia unyevu kabla ya kuangalia nyuzi.

Kuna jambo lingine ambalo taarifa nyingi hulipita haraka, nalo ni usiku. Joto la usiku wa Februari hushuka kwa shida hadi 24 au 25, kwa sababu bahari yenyewe iliyotuzunguka ina nyuzi 28 hadi 30. Mwili usiopumzika usiku huamka ukiwa umechoka, na uchovu huo huongezeka siku hadi siku. Mzee anayezidiwa mwishoni mwa Februari mara nyingi hakuangushwa na jua la siku ile moja. Kaangushwa na wiki tatu za kutolala.

Kwa nini mwisho wa Februari unachoma kuliko Desemba?

Sababu ni tatu, na zote hukutana wakati mmoja. Ya kwanza ni jua: hupita juu ya utosi wa watu wa Unguja mnamo tarehe 5 Machi na watu wa Mombasa karibu tarehe 10 Machi, na ukisimama saa sita mchana siku hizo kivuli chako kinakuwa chini ya miguu. Ya pili ni bahari, ambayo imekuwa ikipashwa joto tangu Oktoba na sasa iko karibu na kilele chake. Ya tatu ni upepo. Kaskazi iliyokuwa ikituliwaza Januari inachoka, tanga mbili inaingia, na hewa inasimama kama maji ya dimbwi.

Je, kutakuwa na mvua kabisa?

Kwa Lamu, Januari na Februari ni miezi ya vumbi. Mvua yake hukaribia sifuri. Mombasa nayo hupata kidogo sana Februari. Unguja, Pemba na Dar es Salaam hazikauki kiasi hicho, huwa na manyunyu ya alfajiri na pengine siku moja ya mvua kubwa isiyotarajiwa na mtu. Tanzania mvua hizi huitwa za nje ya msimu, na watu huzipuuza kwa sababu ya jina hilo. Mfereji uliozibwa na taka haujui kama mvua ni ya msimu au siyo.

Mara nyingi kinachozileta ni wimbi kubwa la mawingu linalosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki katika ukanda wa ikweta na kuizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Likipita Bahari ya Hindi ya magharibi, tunapata siku kadhaa za mawingu mazito. Likishapita, jua hurudi kali kuliko mwanzo. Kwa hiyo mvua ya siku nne katikati ya Januari haimaanishi kwamba masika yamewahi.

Taarifa inasema "mvua za wastani hadi chini ya wastani". Maana yake nini kwangu?

Swali hili naliona kubwa kuliko yote, na kwa muda mrefu halijajibiwa kwa lugha ya mtu wa kawaida. Nitalijibu polepole.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huandaa mwelekeo wa kila msimu, na wataalamu wa kanda nzima hukutana chini ya ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, ili kulinganisha hesabu zao. Huchukua mvua za miaka 30, siku hizi ni 1991 hadi 2020, wakazipanga kuanzia mwaka mkavu kabisa hadi mwaka uliofurika. Kisha huzikata mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Fungu la chini ndilo "chini ya wastani", la kati ndilo "wastani", la juu ndilo "juu ya wastani". Kama huna habari yoyote, kila fungu lina nafasi ya 33 kwa 100. Kazi ya mtabiri ni kuangalia bahari na pepo, aseme ni fungu gani limeongezewa uzito.

Sasa tuseme ramani imeweka asilimia 45 kwenye fungu la chini. Maana yake ni kwamba, katika miaka 100 yenye dalili kama za mwaka huu, takriban 45 ingekuwa mikavu. Hamsini na mitano iliyobaki isingekuwa mikavu. Kwa hiyo mvua ikija nyingi, mtabiri hakudanganya. Alitwambia upande ulioelemea, akaacha mlango wazi. Wavuvi wanaielewa hesabu hii vizuri, maana hakuna anayetupa nyavu kwa hakika. Anazitupa pale ambapo samaki ana nafasi kubwa ya kuwepo.

Kuna pia ambayo utabiri wa msimu hauwezi kuyasema. Hausemi siku ya harusi yako itanyesha au vipi. Hausemi mtaa wako utapata kiasi gani. Jumla ya msimu inaweza kuwa ya wastani kabisa na bado mvua yote ikawa imeshuka kwa siku mbili. Kwa mambo ya siku na saa, fuata utabiri wa siku tano, kisha wa saa 24, na uusome tena kila jioni.

El Nino na La Nina zinatuhusu vipi?

Zinatuhusu, ila si kwa namna inayotangazwa mitaani. El Nino ni kupashwa joto kwa Bahari ya Pasifiki, mbali sana nasi. Kwetu nguvu yake kubwa huonekana katika vuli, Oktoba hadi Desemba, na huelekea kuongeza mvua. La Nina huelekea kuzipunguza. Lakini ufunguo hasa uko kwenye bahari yetu wenyewe. Upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, yaani huku kwetu, ukiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, mvua hutujia kwa wingi.

Mwaka 1997 vyote viwili vilikutana, na mafuriko yake yakaendelea hadi mwanzoni mwa 1998. Mwaka 2019 Pasifiki haikuwa na El Nino ya maana, lakini joto la Bahari ya Hindi lilikuwa limeelemea magharibi kupita kiasi, na vuli ikafurika. Mwaka 2023 vikakutana tena, na wakazi wengi wa pwani ya Kenya, hasa bonde la mto Tana, wakahama makwao. Kinyume chake, El Nino ya 2015 ilitangazwa kwa hofu kubwa, lakini sehemu nyingi hazikuona mafuriko kama ya 1997. Na La Nina iliyong'ang'ania kuanzia 2020 iliacha Kilifi, Kwale na Tana River katika ukame wa misimu mfululizo.

Kwa kiangazi chenyewe, la kuangalia ni mkia. Vuli ya El Nino inaweza kuingia hadi Januari, na baada yake bahari yetu huwa na joto la kupindukia Februari hadi Mei. Hivyo ndivyo matumbawe yalivyopauka na kufa kwa wingi mwaka 1998 kuanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania, na 2016 yakapauka tena.

Vimbunga vinaweza kufika kwetu?

Mara chache, lakini ndiyo. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kukisokota kimbunga, na ndani ya nyuzi tano za latitudo ni nadra sana kimoja kuzaliwa. Lamu iko nyuzi 2 kusini, Mombasa 4, Pemba 5, Unguja 6, Mafia karibu 8, Mtwara 10. Ukishuka orodha hiyo, hatari inapanda.

Msimu wa vimbunga wa kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi huhesabiwa kuanzia 15 Novemba hadi 30 Aprili. Tazama lakini vilivyotugusa vilikuja lini. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha vyombo bandarini, zikiwemo merikebu za Sultani Barghash. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Aprili 1952 kingine kilipiga Lindi. Kenneth, Aprili 2019, kilielekea karibu na Mtwara kisha kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Jobo, Aprili 2021, kilikuja kuelekea Dar es Salaam kikafifia kabla ya kufika. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, siku nne baada ya msimu "kwisha" kwenye karatasi. Kwetu hatari iko mwisho wa kaskazi na mwanzo wa masika, wakati watu wameshaacha kusikiliza.

Katikati ya kiangazi vimbunga hutugusa kwa mbali. Vikiwa mashariki ya Madagascar, vinaweza kuvuta upepo wa magharibi wenye unyevu wa Kongo na kutuletea mvua. Machi 2018, wakati wa Dumazile na Eliakim, Afrika Mashariki ililowa sana. Vikiwa kwenye mlango wa Msumbiji, vinaweza kutunyang'anya unyevu tukabaki na jua tupu. Kwa hiyo usikie jina, kisha uulize kiko wapi.

Bahari itakuwaje kwa wavuvi na wasafiri?

Kwa ujumla, bora kuliko kusi. Maji huwa safi, vyombo vidogo hutoka, nguru na jodari huonekana, na upande wa Mafia papa potwe hukaribia Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi. Alfajiri unatoka na umande, yaani upepo wa nchi kavu, alasiri unarudi na upepo wa bahari. Upande wa Lamu na Kiunga kuna neema ya ziada: mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini wakati wa kaskazi, hukutana na mkondo wetu unaopanda kaskazini, na maji ya chini yenye chakula hupanda juu. Samaki wanalijua hilo.

Lakini kaskazi ya Januari nayo ina siku zake. Hupuliza kwa nguvu siku tatu nne mfululizo, na upande wa Nungwi na mkondo wa kati ya Unguja na Pemba bahari huchafuka. Ukisikia "upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2", ngalawa na mashua ndogo zibaki ufukweni. Tanzania hutoa taarifa hizi kwa ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Nimeona watu wanaosubiri ngazi ya tatu ndipo waamini. Kwa mwenye ngalawa, angalizo linatosha.

Machi pia huleta bamvua kubwa, maana jua na mwezi huvuta maji kwa pamoja karibu na ikweta. Tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 4. Wanaokwenda kutafuta pweza hufurahia, lakini maji yakijaa usiku huku upepo ukisukuma kuelekea pwani, nyumba za ufukweni huingiliwa.

Mwani wangu hufa kila Februari. Nifanye nini?

Dada zangu wa Paje, Jambiani na Bwejuu wanalijua jibu kwa machungu. Bamvua ya kiangazi hupwa mchana, maji machache yaliyobaki juu ya mchanga hupata joto kama ya kuogea, na mwani unakuwa mweupe na kukatika. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ndiyo dhaifu. Spinosamu, aina nyingine, huvumilia zaidi. Zanzibar ilipoanza kilimo hiki kibiashara mwaka 1989, kotonii ilikubali sehemu nyingi ambazo leo haikubali.

Yanayosaidia: vuna mapema kabla ya bamvua za mwisho wa Februari hata kama mwani haujafikia uzito unaoutaka, tunza mbegu kwenye maji ya kina, na kama kikundi kina chombo, hamishia kamba kwenye kina kirefu kwa miezi miwili. Hili la mwisho lina gharama na linahitaji watu wanaojua kuogelea. Kina mama wengi hawakufundishwa kuogelea, na naona ni dhuluma kuwaambia "nendeni kwenye maji mengi" bila kuwafundisha kwanza.

Maji ya kisima yameanza kuwa na chumvi. Yatarudi?

Mengi hurudi masika yakija. Maji baridi huelea juu ya maji ya bahari chini ya ardhi. Mvua zikikosekana na pampu zikivuta sana, chumvi hupanda. Punguzeni kuvuta kwa wakati mmoja, na mtumie kisima cha chumvi kwa kufulia tu. Kikibaki na chumvi hata baada ya masika, tatizo ni uvutaji, si kiangazi.

Tutafungaje Ramadhani katika joto hili?

Miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi, katikati kabisa ya fukuto. Kunywa maji kidogo kidogo kuanzia futari hadi daku, usiyagugumie yote mara moja. Punguza chumvi na kaanga za daku. Madafu na uji wa mtama ni rafiki. Kazi ya sulubu ifanywe alfajiri au baada ya alasiri, na mwajiri mwenye utu atapanga zamu hivyo bila kuombwa.

Mtu akiacha kutoka jasho, akachanganyikiwa au akawa moto sana mwilini, hilo si uchovu wa saumu. Mpeleke kivulini, mloweshe maji, mpepee, na umkimbize hospitali. Aliyeishiwa maji lakini ana fahamu apewe maji ya chumvichumvi (ORS) ya dukani, au lita moja ya maji safi yenye vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha.

Bati linatuchoma ndani. Kuna tiba ya bei nafuu?

Ipo. Paka bati rangi nyeupe upande wa juu. Acha nafasi ya hewa kati ya bati na dari, na tundu za kutolea hewa pande mbili. Fungua madirisha ya upande wa kaskazini mashariki, kwa sababu ndiko kaskazi inakotoka. Wajenzi wa Mji Mkongwe na Lamu walijua kutafuta upepo, wakajenga kuta nene za mawe na chokaa na vichochoro vyenye kivuli. Panda mti upande wa magharibi, maana jua la saa kumi ndilo linalopasha ukuta mtakaolala nao usiku. Makuti bado yanashinda bati kwa ubaridi, ila yaangalie moto.

Hesabu ya wazee ya Nairuzi bado inafaa?

Inafaa kwa kiasi. Manahodha na wakulima walihesabu mwaka wa jua wa siku 365 kuanzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo Makunduchi huiadhimisha kwa Mwaka Kogwa mwezi Julai, wakaugawa kwa miongo ya siku kumi kumi. Kila mwongo ulikuwa na kazi yake: huu wa kupanda, ule wa kufunga bahari, mwingine wa kungoja majahazi ya Arabuni. Lakini mwaka huo hauna siku ya ziada ya mwaka mrefu, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne, na bahari yenyewe sasa ina joto kuliko walivyoijua wao. Sikiliza hesabu ya mzee, kisha ilinganishe na taarifa ya leo. Zikikubaliana, vizuri. Zikipingana kuhusu bahari, fuata ile inayokuambia ubaki nchi kavu.

Nianze lini kupanda?

Safisha shamba Februari, lakini mbegu ibaki ghalani. Mvua moja nzuri ya mwanzoni mwa Machi imewadanganya wengi: mahindi yanaota, jua linarudi wiki mbili, miche inakauka, na mbegu ya pili inanunuliwa kwa mkopo. Subiri upepo ugeuke. Ukiona kaskazi imekufa, mawingu yanatoka kusini, na mvua imenyesha zaidi ya mara moja ndani ya siku kumi hadi udongo umelowa kina cha kiganja, hapo panda. Wa Lindi na Mtwara, nyinyi mlishapanda zamani. Kazi yenu sasa ni palizi.